Akira si Utabiri: Dhidi ya Wagunduzi wa Uhuishaji wa Kijapani

Kuna kauli moja ambayo msomaji wa maandishi kuhusu filamu za uhuishaji za Kijapani huikuta karibu katika kila utangulizi, iwe ni katika vitabu vilivyochapishwa Marekani na Uingereza au katika mapendekezo ya tasnifu yanayowasilishwa na wanafunzi wetu wa uzamili. Mwandishi husema kwamba alizoea kuzichukulia katuni kuwa burudani ya watoto mpaka siku alipoitazama Akira, filamu ya Katsuhiro Otomo ya mwaka 1988; hapo ndipo alipogundua kwamba katuni nazo zaweza kubeba fikra nzito, giza, damu na maono ya kutisha kuhusu kesho ya binadamu. Kauli hii hutolewa kama sifa. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba ni tusi, na kwamba tusi hilo limezaa uhakiki mbovu wa filamu yenyewe inayodaiwa kusifiwa.

Ni tusi kwa sababu mwenye kuitoa hajabadili mizani yake hata kidogo. Kabla ya Akira aliamini kwamba kinachowahusu watoto hakistahili kuhakikiwa. Baada ya Akira bado anaamini hivyo hivyo. Kilichobadilika ni kwamba amepata katuni moja isiyomhusu mtoto, akaipa cheti cha utu uzima. Na cheti chenyewe kina masharti: pawe na maiti, pawe na moshi, pawe na mji ulioharibika na mvua isiyokoma. Tumekwisha kulikubali neno distopia katika istilahi zetu, kwa maana ya taswira ya jamii ya kesho iliyooza isirekebishike, na mgunduzi wetu analitumia kama wengine watumiavyo hirizi. Akiisha kulitamka, hana haja tena ya kueleza ni jamii ipi iliyooza, imeozeshwa na nani, na lini.

Kwa msomaji ambaye hajaitazama filamu hii, kisa kwa ufupi ni hiki. Tarehe 16 Julai 1988, siku ile ile filamu ilipoanza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Japani, mji wa Tokyo unaangamizwa na mlipuko mweupe usio na sauti. Miaka 31 baadaye, mwaka 2019, umesimama mji mpya uitwao Neo-Tokyo, wenye majengo marefu, magenge ya vijana wa pikipiki, waandamanaji wanaopinga mageuzi ya kodi, wanasiasa walafi na jeshi linalovizia nafasi yake. Kaneda na Tetsuo, vijana wawili waliolelewa pamoja katika kituo cha mayatima, wanatenganishwa usiku Tetsuo anapokaribia kumgonga kwa pikipiki mtoto mwenye uso wa mzee, aliyetoka katika maabara ya serikali. Jeshi linamchukua Tetsuo, linamfanyia majaribio, na nguvu asiyoweza kuitawala inaamka ndani yake. Anaitafuta asili ya nguvu hiyo kwa mtoto aitwaye Akira, anayesemekana kuhifadhiwa chini ya uwanja unaojengwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2020.

Ni Olimpiki hizo zilizowapa wagunduzi kiburi. Mwaka 2013 Tokyo ilipochaguliwa kuandaa michezo ya mwaka 2020, ilitangazwa kwamba Otomo alikuwa ametabiri. Janga la korona lilipozuka, kiburi kikageuka kuwa ibada. Katika filamu kuna bango linalohesabu siku 147 zilizobaki kabla ya michezo, na chini yake mtu ameandika maneno ya kutaka michezo ifutwe. Siku 147 kabla ya tarehe iliyokuwa imepangwa ya ufunguzi iliangukia 28 Februari 2020, wakati maambukizi yakienea, na picha ya bango hilo ikazungushwa duniani kama aya iliyoteremshwa. Michezo iliahirishwa Machi mwaka huo, ikafanyika mwaka 2021. Basi, wakasema, nabii amethibitika.

Sisi tunauliza swali rahisi ambalo manabii na wafuasi wao hawakuliuliza. Otomo alizitoa wapi Olimpiki hizo? Alizaliwa mwaka 1954 katika mkoa wa Miyagi. Oktoba 1964, Tokyo ilipoandaa Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, alikuwa na umri wa miaka 10. Mji huo ulikuwa umechomwa usiku mmoja tu wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945 kwa mabomu ya moto ya ndege za Marekani, wakafa watu wapatao 100,000. Miaka 19 baadaye ulivaa nguo mpya mbele ya dunia. Eneo la Yoyogi, lililokuwa uwanja wa gwaride la jeshi la kifalme, na baada ya kushindwa vita likawa makazi ya familia za wanajeshi wa Marekani, liligeuzwa kijiji cha wanariadha. Mwenge wa mwisho ulibebwa na Yoshinori Sakai, kijana aliyezaliwa katika mkoa wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, siku ya bomu. Hakuna aliyeficha maana ya uteuzi huo. Taifa lilitaka kusema kwamba limekwisha kuvuka. Na kabla ya hizo za 1964 palikuwa na nyingine: Tokyo ilikuwa imepewa michezo ya mwaka 1940, ikairudisha mwaka 1938 kwa sababu ya vita vyake nchini China. Wazo la Olimpiki za Tokyo zilizovunjwa na maafa halikuhitaji kutabiriwa na mtu yeyote. Lilikuwa tayari historia ya miaka 50 filamu ilipotengenezwa.

Sasa tuutazame uwanja wa filamu kwa jicho hilo. Otomo anauweka mahali pa mlipuko wa kwanza. Juu panapandishwa saruji ya sherehe. Chini, katika tufe kubwa la chuma lililopoozwa kwa baridi kali kupita kiasi, amewekwa Akira. Tetsuo anapolipasua tufe hilo hakuti mtoto. Anakuta chupa za kioo zenye vipande vya mwili uliopasuliwa na wanasayansi. Huo ndio moyo wa filamu, na si wa kesho hata kidogo. Mji umejenga uwanja wa furaha juu ya mabaki ya mtoto uliyemuua wenyewe, ukayaweka mabaki hayo katika chupa kwa matumaini kwamba siku moja yatafaa tena. Anayeitazama taswira hii akasema "ametabiri mwaka 2020" amefanana na mtu aliyeonyeshwa kaburi akasifu rangi ya ua.

Ushahidi wa majina ni mzito zaidi, na ajabu ni kwamba haumo katika tasnifu hata moja tuliyopitishiwa mezani. Mwaka 1956 msanii Mitsuteru Yokoyama alianza kuchapisha katika jarida la watoto kisa kiitwacho Tetsujin 28-go, yaani Mtu wa Chuma Namba 28. Ni kisa cha roboti kubwa iliyobuniwa kwa siri kuwa silaha ya jeshi la Japani mwishoni mwa vita, ikabaki baada ya kushindwa, ikaangukia mikononi mwa mvulana aitwaye Shotaro Kaneda, mwana wa mwanasayansi aliyeibuni. Katika kisa hicho yumo Profesa Shikishima, naye ana mwana aitwaye Tetsuo. Katika Akira kiongozi wa genge ni Shotaro Kaneda, rafikiye ni Tetsuo, Kanali wa jeshi ni Shikishima, na Akira mwenyewe ni namba 28. Haya hayatokei kwa bahati nasibu. Otomo amechukua katuni aliyoisoma utotoni, ya silaha ya vita iliyorithiwa na mtoto na kugeuzwa kuwa chombo cha kutenda mema, akaipindua: silaha si chuma tena, ni mtoto mwenyewe, na hakuna awezaye kuigeuza kuwa njema. Mhakiki asiyeijua Tetsujin anaiona Akira kama aonavyo tenzi la kejeli mtu asiyeujua utenzi unaokejeliwa. Atacheka pasipo na kichekesho na kulia pasipo na msiba.

Katika nafasi ya Yokoyama, wagunduzi wameweka Blade Runner. Hoja ni kwamba filamu hiyo ya Marekani ilitoka katikati ya mwaka 1982, na manga ya Akira (msomaji wa pwani asidhani tunasema Manga ya Omani na pilipili zake, kwa Wajapani neno hili ni hadithi za picha) ilianza katika jarida la Young Magazine Desemba mwaka huo huo, kwa hiyo ya pili ni mtoto wa ya kwanza. Hatukatai kwamba msanii huona kazi za wenzake. Lakini Otomo alikuwa ameshachapisha Domu kati ya miaka 1980 na 1981, kisa cha jengo la nyumba za kupanga ambamo mzee na msichana mdogo wenye nguvu za ajabu wanapigana mpaka kuta zinapasuka. Mtoto mwenye nguvu, mzee mwenye akili ya mtoto, saruji inayobomoka na polisi wasioelewa kitu: yote yalikuwamo kabla ya mvua ya Los Angeles kunyesha kwenye skrini. Ila Domu haina magari yarukayo wala mataa ya neoni, basi mgunduzi hana la kufanya nayo.

Wapo wahakiki makini zaidi ambao wameuacha utabiri, wakakimbilia Hiroshima. Kwa hawa kila mlipuko katika sanaa ya Kijapani ni bomu la atomiki, na kila moshi ni uyoga. Ni kweli kwamba tajiriba hiyo imo. Godzilla ya mwaka 1954 ilitengenezwa miezi michache tu baada ya wavuvi wa Kijapani kuangukiwa na majivu ya jaribio la bomu la Marekani huko Bikini, na hakuna msomi anayeweza kulipuuza hilo. Lakini katika Akira tuutazame mlipuko wenyewe. Nani aliudondosha? Hakuna ndege, hakuna adui wala amri kutoka nchi ya mbali. Mlipuko umetoka ndani ya mji, ndani ya mtoto aliyefanyiwa majaribio na wanasayansi wa serikali yake, na walionusurika wameambiwa uongo juu ya chanzo chake. Kuuita mlipuko huo Hiroshima ni kuihamisha hatia ng'ambo. Ni kumfanya mtenda kuwa mtendwa. Japani ya miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa na maabara zake, na Kikosi 731 cha jeshi lake huko Manchuria kilifanya majaribio juu ya miili ya watu walio hai. Hatudai kwamba Otomo alikusudia kukitaja kikosi hicho. Tunadai kwamba filamu inayoonyesha dola ikipasua watoto kwa jina la sayansi na ulinzi haiwezi kusomwa kama maombolezo ya taifa lisilo na hatia, na kwamba anayeisoma hivyo ameifanyia serikali ya Neo-Tokyo kazi yake ya propaganda bila malipo.

Mazingira ya kisiasa yaliyomo ni ya aina hiyo hiyo. Mabomu ya machozi na ngao za polisi vimechorwa na mtu wa kizazi kilichokulia chini ya picha za maandamano: yale ya mwaka 1960 dhidi ya mkataba wa ulinzi na Marekani, ambapo mwanafunzi Michiko Kanba aliuawa nje ya bunge, na yale ya vyuo vikuu yaliyofikia kilele Januari 1969 polisi walipouvamia ukumbi wa Yasuda wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Magenge ya pikipiki yalikuwa habari ya kila wiki katika magazeti ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata ile kodi inayowakasirisha waandamanaji haikutungwa kutoka hewani: filamu ilipotoka Julai 1988 Wajapani walikuwa katikati ya mjadala wa kodi ya mauzo, iliyopitishwa bungeni Desemba mwaka huo na kuanza kutozwa Aprili 1989. Otomo alifungua dirisha akachora alichokiona na alichokikumbuka. Tarehe ya 2019 ni vazi tu.

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote. Tarehe 16 Aprili 1988, miezi mitatu kamili kabla ya Akira, studio ya Ghibli ilitoa filamu mbili zilizoonyeshwa pamoja kwa tiketi moja. Ya kwanza ni Tonari no Totoro, yaani Jirani Yangu Totoro, ya Hayao Miyazaki. Ya pili ni Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli, ya Isao Takahata, iliyotokana na hadithi fupi ya Akiyuki Nosaka ya mwaka 1967. Mgunduzi aliyeingia kwa mlango wa Akira huziweka filamu hizi tatu katika makabati matatu. Totoro ni ya watoto, hiyo haimhusu. Vimulimuli ni ya kusikitisha, ataitazama mara moja. Akira ndiyo ya wanaume wenye fikra.

Tuziondoe kabatini. Katika Totoro mabinti wawili wanahamia mashambani na baba yao kwa sababu mama amelazwa hospitalini, na wazo kwamba huenda asirudi linakaa chini ya kila kicheko. Katika Vimulimuli Seita na dada yake mdogo Setsuko wamempoteza mama katika mabomu ya Kobe ya mwaka 1945 na baba yupo kwenye manowari. Wanafukuzwa kwa maneno makali na jamaa, wanakufa kwa njaa katika nchi yao wenyewe, kati ya watu wao wenyewe. Katika Akira Kaneda na Tetsuo hawana wazazi kabisa. Wamelelewa na kituo, wakapelekwa katika chuo cha ufundi ambamo nidhamu ni makofi ya mwalimu. Na wale watatu wa maabara, Kiyoko, Takashi na Masaru, wana miili ya watoto na nyuso zilizokunjamana za wazee, wamefungiwa katika chumba cha michezo chenye midoli, wakingojea kutumiwa. Sensa ya wizara ya afya na ustawi wa jamii ya Japani ya mwaka 1948 ilihesabu mayatima zaidi ya 120,000. Watoto hao walilala katika vituo vya reli, wakakamatwa na polisi kama uchafu, kisha wakasahauliwa mji ulipoanza kung'aa. Filamu tatu, mwaka mmoja, swali moja: mtoto aliyeachwa na watu wazima walioanzisha vita analelewa na nani? Miyazaki anajibu kwamba analelewa na msitu. Takahata anajibu kwamba halelewi na mtu. Otomo anajibu kwamba analelewa na dola, na jibu hilo ndilo la kutisha kuliko yote mawili, kwa kuwa dola haimlei mtoto bure.

Ukiisoma hivyo, hata mwisho wa filamu, ambao wengi wameulalamikia kwamba haueleweki, unafunguka. Tetsuo anapovimba na kugeuka kuwa nyama isiyo na umbo, wahakiki wameona mashine, kansa, ubepari, mwili wa kisasa. Thomas Lamarre ameandika kwa ustadi mwaka 2008 juu ya uharibifu na ubepari katika filamu hii, na hoja zake zastahili kujibiwa kwa urefu kuliko nafasi tuliyo nayo. Sisi tunaona kwanza kitu kilicho wazi kwenye skrini: umbo hilo linafanana na mtoto mchanga mkubwa mno, lisiloweza kusimama, likimwita rafiki yake amsaidie. Kisha Kaneda anavutwa ndani ya mwanga, na anachoonyeshwa humo si siri ya ulimwengu. Ni uwanja wa kituo cha mayatima, mvulana mgeni anayeonewa na wenziwe, na mvulana mwingine anayemrudishia kidude chake cha kuchezea alichonyang'anywa. Filamu yenye kelele za dakika 124 imeficha ndani yake kumbukumbu ndogo ya kidude cha kuchezea. Mgunduzi aliyekuja kutafuta katuni isiyowahusu watoto ameipita kumbukumbu hiyo bila kuiona.

Upofu huu una historia ya biashara, nasi tuitaje bila haya. Akira ililetwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1989 na kampuni ndogo ya Streamline Pictures. Uingereza ilionyeshwa London mwaka 1991, kisha ikauzwa katika kanda za video zilizofanikiwa kiasi cha kuzaa nembo nzima ya Manga Video. Wauzaji waliona kilichonunuliwa, wakaagiza zaidi ya kile kile: filamu za damu, mazimwi na wanawake wanaoteswa, zikachukuliwa na wateja kuwa ndizo sura halisi ya sanaa ya Kijapani. Soko likatengeneza mkondo, na uhakiki ukautawaza. Si ajabu kwamba hata kitabu cha Susan Napier cha mwaka 2001, ambacho sisi sote tumenufaika nacho, kilibeba katika anwani yake safari inayoanzia Akira, kana kwamba kabla yake palikuwa na giza juu ya uso wa vilindi. Kabla yake palikuwa na Hakujaden ya mwaka 1958, filamu ndefu ya kwanza ya uhuishaji wa rangi nchini humo. Palikuwa na Tetsuwan Atomu ya Osamu Tezuka iliyoingia katika televisheni tarehe 1 Januari 1963 na kuziweka kanuni za kazi ambazo tasnia nzima ilizifuata. Na nyuma zaidi palikuwa na Momotaro: Umi no Shinpei, ya Mitsuyo Seo, iliyotoka Aprili 1945 kwa fedha za jeshi la majini, ambamo wanyama wapole wenye sare za kijeshi wanaviteka visiwa vya kusini kwa jina la ukombozi. Tezuka aliitazama akiwa na miaka 16 katika Osaka iliyokwisha kuungua. Filamu ndefu ya kwanza ya uhuishaji wa Kijapani ni, basi, kazi iliyowatengenezea watoto vita kwa amri ya jeshi. Kanali wa Akira na chumba chake cha midoli hawakushuka kutoka mbinguni.

Kuna pia suala la fani, ambalo wagunduzi hulisifu sana na kulielewa kidogo. Akira ni kazi ya kipekee kwa gharama na kwa mbinu: michoro zaidi ya 160,000, mwendo ulio laini kuliko ule uliozoeleka tangu Tezuka alipobana matumizi kwa kushikilia mchoro mmoja kwa fremu tatu, na muziki wa kikundi cha Geinoh Yamashirogumi uliochanganya gamelani za Indonesia na uimbaji wa tamthilia za No. Kazi ya kipekee haiwezi kuwa kipimo cha kundi zima. Huo ni mantiki ya mwaka wa kwanza. Lakini zipo mbinu zenye uzito zaidi kwa idara kama yetu. Kinyume na desturi ya tasnia ya Japani, sauti za waigizaji zilirekodiwa kwanza, kisha midomo ikachorwa kuzifuata. Maana yake ni kwamba katika filamu hii mchoro ni tafsiri ya sauti. Anayeitazama katika Kiingereza, iwe ni ile ya mwaka 1989 au ile ya mwaka 2001, anatazama midomo iliyochorwa kwa maneno aliyonyimwa. Mwanafunzi wa fasihi ambaye hatathubutu kuuhakiki utenzi kwa tafsiri bila kukiri hivyo, huiandikia Akira kurasa 100 bila kututajia ni nakala ipi aliyoitazama.

Hatusemi kwamba filamu haina dosari. Manga ilikuwa bado haijakamilika ilipotengenezwa. Ilimalizika mwaka 1990 ikiwa na kurasa zaidi ya 2,000, na katika kubana huko waliobanwa zaidi ni wanawake. Miyako, kiongozi wa dini mwenye kauli nzito katika kitabu, amekuwa mhubiri wa kupita njia. Kei anatumiwa kama chombo cha sauti ya Kiyoko. Kaori anapigwa, anavuliwa nguo mbele ya kamera, kisha anapondwa ndani ya mwili wa mpenzi wake, na hadithi inaendelea kana kwamba kimevunjika kikombe. Filamu inayowalilia watoto wa kiume walioachwa haikupata chozi la msichana huyu. Wagunduzi, ambao huliita hili "giza", wanaidai filamu sifa mahali ambapo inastahili kushtakiwa.

Yamkini msomaji atauliza haya yanatuhusu nini sisi tunaofundisha fasihi ya Kiswahili. Yanatuhusu kwa kuwa tumetendewa, na tumejitendea. Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, wapo waliozipokea kama ushahidi kwamba riwaya ya Kiswahili hatimaye imekua, kwa sababu ilikuwa ngumu, ya giza, na ilinukia Nietzsche. Ngano, jando na masimulizi ya mdomo yaliyoijenga miundo yake yakapewa aya moja ya adabu. Ni mizani ile ile: kilicho cha nyumbani ni cha kitoto, kinakuwa cha watu wazima kikifanana na jinamizi la mtu mwingine. Wahakiki walioumia kwa mizani hiyo hawana ruhusa ya kuwapimia Wajapani kwayo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wasimamizi wenzetu hatua iliyo ndogo na ya kiutendaji. Pendekezo la tasnifu juu ya Akira lenye sura ya kwanza kuhusu Blade Runner, ya pili kuhusu Hiroshima na ya tatu kuhusu utabiri wa mwaka 2020, lirudishwe kwa mwenyewe. Arudi akaisome Tetsujin, aitazame Momotaro na kuandika ni nani aliyeilipia, azitazame filamu zote mbili za tarehe 16 Aprili 1988 kwa mpangilio zilivyoonyeshwa, akianza na ile ya watoto. Aitazame Akira kwa Kijapani. Kisha atueleze, kwa kurasa atakazo, kwa nini mtu mmoja katika mji wote ule aliyelikumbuka jina la Tetsuo kabla hajawa namba ni mvulana mwenzake wa kituoni.